Mwanamke Aliyefungua Koki ya Bwawa

Mjini walimwita Bibi Ufa, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilianza siku aliyosimama kwenye mkutano wa watumiaji wa maji akasema mgongo wa tuta la bwawa una ufa wa hatua kumi na mbili, na kwamba ameupima kwa miguu yake mwenyewe. Watu walikuwa wamekuja kulalamikia mabomba yanayotoa upepo badala ya maji. Hawakuwa na haja na habari za ufa. Mtu mmoja nyuma akauliza kama ufa wenyewe uko kwenye tuta au kichwani mwa huyo mama. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na jina likamganda.

Naye hakuwa mtu rahisi. Aliwafukuza wanaofulia ukingoni kabla hata hawajamaliza kusalimia. Mbuzi akikanyaga nyasi za tuta, alimshika na kumfunga, mwenyewe aje amwombe. Alitembea na jembe begani akifukua mashimo ya panya na fuko, na ukimuuliza anatafuta nini alikujibu, "Nyumba yako." Alimaanisha hivyo hasa. Chini ya bwawa, bondeni, kulikuwa na shule, zahanati na nyumba zaidi ya mia mbili, na yeye kila alipofika juu ya tuta aliyaona mabati yao yote kwa mtazamo mmoja.

Bwawa lilikuwa la zamani, lilijengwa kabla yeye hajazaliwa. Tuta lake lilikuwa udongo mtupu ulioshindiliwa, mawe upande wa maji, nyasi upande wa bonde. Chini kabisa, ndani ya udongo huo, lilipita bomba la chuma la kupeleka maji mjini, na mwisho wake palikuwa na kibanda cha matofali chenye koki kubwa ya usukani ya kumwagia maji kwenye mkondo wa zamani wa mto. Mtunzaji wa kwanza aliyemjua ni mumewe. Mume alipoanza kuugua ini, mke ndiye aliyekwenda kupima badala yake, kwa miaka sita, na mume akitia sahihi kitandani. Alipofariki, watu wawili waliomba kazi hiyo: mjane, na mdogo wa marehemu. Mdogo mtu alikuwa na vyeti. Mjane alikuwa na madaftari kumi na moja yenye mwandiko wake. Kazi akapewa mjane, na toka siku hiyo shemeji akawa anamsalimia kwa kidevu tu.

Kupima kwenyewe hakukuwa na maajabu. Chini ya tuta palikuwa na mfereji mdogo wa zege uliokusanya maji yanayochuruzika kupitia udongoni. Yalipita kwenye kibao cha bati chenye mkato wa pembe tatu, na yeye alisoma kimo chake kwa rula, kisha akakinga maji kwenye bilauri na kuyaangalia kwenye mwanga. Marehemu alimfundisha kwamba tuta la udongo lisilovuja halipo. Kinachotazamwa ni mambo mawili: yameongezeka kiasi gani, na yamebeba nini. Maji maangavu ni jasho la tuta. Yakija na tope, ujue nyama yake inaondoka.

Uhasama wa wazi na shemeji ulianzia kwenye miti. Shemeji alilima kiwanja kilichopakana na tuta, akapanda miparachichi kumi na mmoja, na mitano kati ya hiyo aliipandisha taratibu kwenye mteremko wa tuta lenyewe. Mjane, ambaye sasa ndiye mpimaji, alimwandikia barua tatu. Shemeji hakujibu hata moja. Basi siku moja asubuhi, miti ikiwa imebeba, akaja na msumeno.

Shemeji alifika mti wa tatu ukiwa chini.

"Shemeji, weka huo msumeno."

"Nilikuandikia."

"Uliniandikia kama nani? Nyumba unayolala alipewa kaka yangu. Kazi unayofanya ni ya kaka yangu. Na sasa miti yangu nayo unaitaka?"

"Mizizi inatoboa tuta."

"Umeiona ikitoboa?"

"Sihitaji kuiona."

"Hivyo ndivyo ulivyo," shemeji alisema. "Unakata kwanza, unaona baadaye."

Hakumzuia kwa mikono. Alisimama pale hadi wa tano ulipoanguka, akaokota parachichi moja bichi, akalitupia miguuni pa mpimaji, akaondoka. Kikao cha ukoo kiliitwa, na mpimaji akaambiwa aombe radhi. Alisema ataomba radhi siku tuta litakapokaa salama bila yeye. Kikao kikavunjika vibaya, na baada ya hapo hakuna wifi wala mke mwingine wa ukoo aliyekanyaga nyumba yake.

Miaka miwili ikapita. Mwishoni mwa mvua bwawa lilikuwa limejaa hadi kwenye njia ya kumwagia maji ya ziada, na meneja wa maji alikuwa akijisifu redioni kwamba kiangazi hiki hakuna atakayelala na ndoo foleni. Wiki hiyohiyo mpimaji akasoma rula yake na kukuta maji ya mfereji yamepanda kwa upana wa vidole viwili. Siku ya pili vitatu. Siku ya nne alikinga bilauri, akaiona imepata ukungu wa kahawia. Akaiweka dirishani, akapika chai, akanywa, akarudi. Chini ya bilauri palikuwa pametulia udongo laini kama unga.

Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani kilikuwa miparachichi. Aliikata mashina, lakini mizizi aliiacha humohumo ardhini, na mizizi ikioza huacha matundu. Alikaa kitandani na bilauri mkononi, akijiuliza kama tuta hili amelitoboa yeye. Halafu akamimina yale maji kwenye chupa, akaifunga, akashuka mjini.

Ofisi ya meneja ilikuwa na feni iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka, na mlango ulizuiwa usijifunge kwa kipande cha bomba kuukuu. Meneja aliitazama chupa mezani pake bila kuigusa.

"Mama, hii ni nini?"

"Maji ya mfereji wa chini. Ya leo."

"Mvua zimenyesha. Maji ya mvua yana tope."

"Hazijanyesha siku kumi na sita. Nimeandika." Akafungua daftari. Meneja hakuliangalia.

"Unataka nini?"

"Tulishushe bwawa. Pole pole, tukianza leo. Na uite mhandisi wa mabwawa."

Meneja aliegemea kiti. "Nimetoka kusema redioni kwamba tuna maji ya kutosha. Leo nianze kuyamwaga? Kiangazi kitanikuta na dimbwi. Hawa watu watanila nyama."

"Tuta likikatika hutakuwa na dimbwi, wala hutakuwa na watu wa kukula nyama."

Karani aliyekuwa akipanga mafaili pembeni aliinamisha kichwa kuficha uso. Meneja akamwona, na hilo ndilo lililomtibua zaidi.

"Sikiliza, mama. Kila mwaka una ufa, una shimo, una panya. Mhandisi nitamwandikia, atakuja akipata nafasi. Wewe koki hiyo usiiguse bila barua yangu. Umenielewa?"

"Nimekusikia," alisema, akachukua chupa yake.

Aliporudi hakupitia nyumbani. Alifuata mfereji hadi karibu na kibanda cha koki, na hapo, hatua tatu kutoka ukutani, akakuta kitu ambacho marehemu alimwelezea tu, hakuwahi kukiona. Maji yalikuwa yakitoka ardhini yakitokota kama uji jikoni, na mchanga uliotemwa ulikuwa umejijengea ukingo wa mviringo mpana kama sinia. Alipiga simu kwa meneja mara tatu. Mara ya tatu ilikatwa.

Ndani ya kibanda, ukutani, palikuwa na bati lenye maelekezo ya kazi yaliyopakwa rangi zamani, na meneja aliyeyaandika alishastaafu. Mstari wa saba ulisema maji ya chini yakibadilika rangi, mtunzaji afungue koki ya kumwagia na atoe taarifa. Aliusoma ingawa aliujua kwa moyo. Kisha akashika usukani kwa mikono miwili, ukagoma, akaupiga kwa mpini wa jembe, akajaribu tena hadi ukaguna na kuzunguka. Maji yakapiga mkondo wa zamani wa mto kwa kishindo, naye akamtumia meneja ujumbe wa simu kwamba amefungua.

Alifungua kwa kiasi. Bwawa lisishuke kwa siku zaidi ya mkono mmoja, kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, maana udongo uliolowa ukinyang'anywa maji ghafla huporomoka kwa ndani. Halafu akachukua toroli. Alimwagia mchanga wa chengachenga pale palipotokota, juu yake kokoto, ili maji yapite lakini udongo ubaki. Hakupaziba, kwani maji yaliyozibiwa hutafuta pengine. Alisukuma toroli ishirini na mbili kabla gari la idara halijafika.

Meneja alishuka na fundi wa mabomba, mtu mnene mwenye miaka karibu sitini ambaye kila mtu alimwita Spana.

"Nilikuambiaje?" meneja aliuliza.

"Uliniambia nisiguse."

"Na ukagusa."

"Nikagusa."

"Spana, funga hiyo koki."

Spana hakwenda kwenye koki. Alikwenda pale penye kokoto, akachuchumaa kwa shida, akaingiza mkono kwenye maji, akauleta puani, akausugua kwa vidole.

"Mkubwa," alisema, "mimi siifungi."

"Ni amri."

"Nimesikia ni amri. Binti yangu amepanga nyumba ya pili kutoka kwenye shule ile pale." Akanyoosha mkono bondeni. "Ukitaka kufunga, usukani ule pale. Funga mwenyewe."

Meneja aliingia kibandani kwa hasira. Walimwona kupitia mlangoni akishika usukani. Alitazama ukuta, akatazama nje, kwenye kokoto zilizokuwa zikicheza juu ya maji. Mikono yake ilibaki pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzungusha koki yoyote. Kisha akaiachia, akajifuta kutu kwenye suruali, akatoka.

"Kuanzia sasa umesimamishwa kazi," alimwambia mpimaji, bila kumtazama. Kisha akamgeukia Spana. "Kaa hapa na hicho kitu."

Mji ulipata maji siku mbili kwa wiki, baadaye siku moja. Meneja alitangaza redioni kwamba koki ilifunguliwa na mtumishi asiye na idhini, na kwamba hatua zinachukuliwa. Hakusema uongo hata neno moja, lakini maneno hayo yalitosha. Mwenye duka la unga alimwambia mpimaji kwamba kwa watu waliomwaga maji, bidhaa zimekwisha, na magunia yakiwa yamepangwa nyuma yake hadi darini. Njiani wanawake wenye madumu walitema mate alipopita, wengine karibu na miguu yake. Mchana mmoja alirudi nyumbani akakuta mlango wake umepakwa tope, na kwenye tope hilo mtu ameandika kwa kidole: MCHAWI WA MAJI. Aliusugua mlango kwa jembe, kwa sababu maji ya kuuoshea hakuwa nayo hata yeye.

Shemeji aliongoza ujumbe wa watu tisa hadi kwa meneja. Alisema tuta halikuwa na tatizo hadi shemeji yake alipokata miti na kuacha mizizi ioze. Alisema anayepaswa kufukuzwa kazi ni yeye, na anayepaswa kufukuzwa kwenye nyumba ya idara ni yeye. Mpimaji aliposimuliwa hayo hakuyakanusha. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima usingizi, nalo shemeji alikuwa ameligusa penyewe.

Kilichomchoma zaidi kilikuwa binti yake. Alikuwa na saluni bondeni, chumba kimoja chenye vioo viwili na sinki la kuoshea nywele. Mama alipomtembelea, alimkuta anamsuuza mteja kwa maji ya chupa ya kunywa, tone kwa tone. Binti alisubiri mteja atoke.

"Mama, wananiuliza mimi. Nimjibu nini mtu mwenye povu kichwani? Kwamba mama yangu ameota?"

"Mwambie mama yako amepima."

"Amepima." Binti alitupa taulo kwenye kiti. "Kama ni hatari kiasi hicho, mbona hukuniambia mimi mwanao nihame?"

"Nilikuambia mwaka juzi. Hapohapo uliposimama. Ulicheka na wenzako."

Binti alilichukua taulo, akalikunja. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Usije tena hapa mpaka maji yarudi. Unanifukuzia wateja." Mama alichukua mkoba wake, akatoka. Alikwenda bila kujua anakwenda wapi hadi alipojikuta nje ya shule, akageuka.

Mhandisi wa mabwawa alifika wiki ya saba, mtu mfupi, mchache wa maneno. Bwawa wakati huo lilikuwa limebaki robo. Aliomba madaftari yote, akayasoma siku nzima ndani ya gari, kisha akaagiza tuta lichimbwe juu ya bomba kwa katapila. Mpimaji hakualikwa. Alikuja hivyohivyo, akasimama kando ya uzi mwekundu waliozungushia mahali pale, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia aondoke.

Siku ya tatu ndoo ya katapila iliingia mahali patupu. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu kwenye maungio, na maji yenye msukumo mkubwa yalikuwa yakitoka humo, yakichimba udongo kwa nje, miaka mingapi hakuna ajuaye. Palikuwa na pango. Spana aliingia na tochi, akaketi humo, na kichwa chake hakikugusa juu.

"Lilibakiwa na siku ngapi?" meneja aliuliza. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Wiki mbili. Mwezi. Au lingekaa mwaka mzima," mhandisi alisema. "Sijui, na yeyote atakayekwambia anajua, usimwamini."

Mpimaji aliinama chini ya uzi mwekundu, akamfuata. "Na mizizi?"

"Mizizi gani?"

"Ya miparachichi. Ilikuwa mteremko ule. Niliikata."

Mhandisi alipanda hadi kwenye mashina, akachunguza ukuta wa udongo uliochimbwa, akarudi. "Haikufika hata karibu. Mti kwenye tuta ni vibaya, ningekwambia ukate. Lakini hili si kosa la miti, wala la kukatwa kwake. Hili ni bomba."

Mpimaji alishusha pumzi aliyoizuia kwa wiki saba. Halafu likaja la pili, ambalo hakulitarajia: kwamba kwa miaka yote ile alikuwa akiiandama miti, panya na mbuzi, huku hatari ikiwa chini ya miguu yake kwenye chuma ambacho hakuwahi kukitilia shaka. Alikuwa sahihi kuhusu tuta, na alikuwa amekosea kuhusu kilichokuwa kikilila.

Alimwomba meneja awalete watu waone. Meneja alisema ni sehemu ya hatari, haruhusiwi mtu. Pango likajazwa zege na udongo wa mfinyanzi, bomba jipya likalazwa, tuta likashindiliwa tena. Walioliona pango hawakuzidi kumi na tano. Mji wote ulichokiona ni kwamba maji yalikatika miezi mitano na tuta bado limesimama.

Jioni moja kabla jua halijazama alikwenda kwa shemeji. Shemeji alitoka hadi mlangoni, akasimama katikati ya fremu.

"Nimekuja kukwambia. Mhandisi amesema mizizi ya miti yako haikuhusika."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ulichosema kwa meneja si kweli. Na nilichosema mimi kuhusu ile miti, kwa tuta lile, siku ile, nacho hakikuwa sahihi. Ingebidi ikatwe. Lakini sikupaswa kuikata ikiwa imebeba, na sikupaswa kuja na msumeno bila kukugongea mlango. Kwa hilo naomba radhi."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Haya. Nenda." Akafunga mlango, si kwa kishindo, kwa utaratibu tu, na komeo likasikika.

Kamati ya nidhamu ilikaa saa moja. Ilimpa barua ya onyo kwa kufungua koki bila idhini, na kwa barua hiyohiyo ikamrudisha kazini. Kwenye ubao wa matangazo wa idara palibandikwa taarifa iliyosifu hatua za haraka za uongozi. Aliisoma yote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kusoma mambo hadi mwisho. Spana, aliyekuwa amesimama karibu, alimwambia kwamba uongozi huo hauna hata mkono mmoja wenye malengelenge. Ni mzaha pekee uliomchekesha mwaka huo.

Maji yaliporudi, binti alimpigia simu. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba sinki linafanya kazi, na kama mama ana nafasi Jumamosi atamsuka. Mama alisema ataangalia, akaenda, na wakakaa saa tatu bila kuligusa lile jambo, vidole vya binti vikivuta nywele kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Siku hiyo, akitoka saluni, aliingia kwenye duka la unga. Mwenye duka alimpimia. Nyuma yake kwenye foleni mwanamke mmoja alimgusa mwenziwe, akasema bila kushusha sauti, "Huyo ndiye yule aliyetukatia maji miezi mitano."

Mpimaji aligeuka, kichwa kikimuuma kwa misuko mipya.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Yule mwanamke akatazama pembeni. Mpimaji akachukua unga wake, akaanza kupanda mlima, maana rula ilikuwa haijasomwa toka asubuhi.